Aliyefunga Breki Hukaa Kiti cha Kushoto

Laki tatu na elfu themanini na nne. Nimehesabu mara mbili, mara ya pili nikitumaini itapungua, na haikupungua. Gari lenyewe halimo katika hesabu hiyo. Gari lilinunuliwa na mwenyewe kwa mkopo, na huo ni mzigo wake. Pesa ninayotaja ni ya egzosi, springi, shokabu, breki na ngano. Ndiyo, ngano. Tutafika kwa ngano.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaofungua na kufunga nati kwenye gereji za Kinoru, Meru, mahali ambapo mimi nilifungua na kufunga mpaka magoti yakakataa kuinama. Baadhi yenu mmeniuliza gari la mpwa wangu lilitengenezwaje, kwa sababu mmeona picha zake kwenye simu. Wengine mnataka tu kujua bei ili mkamtoze mteja wenu mara mbili. Nyote karibuni. Lakini mwishoni nina jambo langu la kuwauliza, kwa hivyo msisome mkisinzia.

Kagendo ni binti wa dada yangu Kanana, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Kiirua. Binti anafanya kazi Embu, ofisi ya bima, kazi ya kukaa siku nzima akisoma vile magari ya watu yamegongana. Ungefikiri hiyo inamtosha. Jumamosi moja akaingia kwangu na gari la michezo, milango miwili, rangi ya nyanya iliyoiva, limelala chini hivi kwamba nilipolisalimu niliinama.

"Anko, nataka lisimame vizuri, lishike kona, na lilie."

"Lilie kwa nini? Limefiwa?"

Akacheka. Akanieleza kwamba kuna kikundi cha vijana wenye magari ya mbio ambao hukodisha uwanja wa ndege ndogo ndani ya shamba moja la ngano huko Buuri. Wanapanga koni za plastiki, wanaleta ambulensi, kisha kila gari linaenda peke yake likipimwa muda. Hakuna kushindana bega kwa bega.

"Barabarani mimi naogopa, Anko. Hapo uwanjani hakuna punda wala bodaboda."

"Mimi nimeacha kazi."

"Najua. Ndiyo maana utakuwa na wakati."

Tukapatana bei ya ufundi. Nilianzia juu kama desturi, akaanzia chini kama desturi, tukakutana mahali ambapo kila mmoja aliamini amemshinda mwenzake. Hapo ndipo bei nzuri hukaa.

Lakini dada yangu hakupatana na mtu. Alinipigia simu jioni hiyo hiyo. "Kirimi, nimesikia. Siwezi kumkataza, ni mtu mzima na anajilipia. Wewe ndiye fundi. Mtoto wangu akivunjika hata kidole ndani ya hiyo nyanya, mlango wangu usiujue tena." Akakata. Nina ndugu mmoja tu aliyebaki duniani, na ndiye huyo.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, maana sikujifunza breki Meru. Meru nilijifunza kwenda. Miaka ile gereji zetu pale karibu na stadiamu ziliishi kwa pikapu za miraa. Mnajua miraa haingoji mtu; ikinyauka hakuna atakayeitafuna. Dereva alikuwa anafika na mzigo umefungwa kwa majani ya migomba, injini inanguruma, anapiga kelele kabla hajashuka: "Fundi! Niongeze jani moja la springi nyuma, niko na dakika kumi!" Nasi tunaongeza. Nyuma ya pikapu ilikaa juu kama jogoo anayetaka kupigana, mpaka mzigo uingie, halafu inashuka sawasawa. Nilipenda kazi ile. Nilipenda ile saa ya mchana ambapo pikapu ziliondoka zikifuatana, vumbi likabaki, na ghafla Kinoru nzima ikanyamaza, ukasikia hata mama wa githeri akikoroga sufuria yake ya mahindi na maharagwe.

Aliyenifundisha kusimama alikuwa mzee wa Embu aitwaye Njeru. Alikuwa na gereji ya breki tupu, hakugusa kitu kingine. Ukimletea injini anakuonyesha mlango. Nilipofika kwake mara ya kwanza na maringo yangu ya Kinoru, aliangalia mikono yangu, akasema, "Nyinyi watu wa Meru mnajua kwenda. Kusimama mnamwachia Mungu." Hiyo salamu alinipa kila asubuhi kwa miaka miwili.

Njeru hakuwa na mashine. Lori likitoka mteremko, alizunguka akinusa kila gurudumu kama mama anayenusa chupa ya maziwa. Breki iliyochoka ina harufu yake. Breki iliyokwama ina harufu nyingine. Gurudumu lisilonuka kabisa ndilo alilolifungua kwanza, kwa sababu hilo halifanyi kazi, wenzake wanalibeba. Mnaotegemea kompyuta, jaribuni pua siku moja. Haihitaji kuchajiwa.

Na alikuwa na sheria moja. Ukifunga breki za gari, gari hilo likienda kujaribiwa mteremko wa mto Rupingazi, wewe uliyefunga unakaa kiti cha kushoto, kando ya dereva. Hakuna udhuru. Hata uwe na homa. Hata kama dereva mwenyewe humwamini. Kulikuwa na fundi mmoja aliyeomba ruhusa aende msalani wakati dereva anawasha gari. Njeru akamwambia dereva azime, wangoje. Wakangoja. Yule fundi alipoona hakuna njia, akasema ukweli kwamba kuna bolti moja haikumbuki vizuri. Ikakaguliwa, ikakutwa imeshikwa na uzi mmoja tu wa nati. Njeru hakumfokea. Alisema tu, "Umeona vile kiti kinakumbusha?"

Haya, turudi kwa nyanya.

Tulianza na egzosi, kwa sababu ndiyo Kagendo aliitaka kuliko vyote. Siku hizi mnaagiza bomba limeshakunjwa, linaletwa kwa basi likiwa ndani ya karatasi kama zawadi. Mimi nilikunja mwenyewe kwa njia ya zamani. Unajaza bomba mchanga, unaushindilia, unaziba pande zote mbili kwa vigingi vya mbao, kisha unalipasha moto mpaka liwe jekundu na kulikunja polepole. Mchanga unazuia bomba lisijikunje tumboni kama mpira wa maji. Moshi upite bila kukwama, hiyo ndiyo siri yote ya egzosi, mengine ni makelele.

Ila mchanga uwe mkavu. Ukauke kabisa. Ukaange kwenye sufuria kuukuu kama unavyokaanga njugu. Tulikuwa na mwenzetu Kinoru aliyechota mchanga siku ya mvua akasema moto utaukausha humo humo ndani. Kweli uliukausha. Mvuke ukatafuta njia, kigingi kikatoka kama risasi, kikapita juu ya pikapu mbili na kutua kwenye sufuria ya mama wa githeri. Mama alikitoa kwa mwiko, akakiangalia, akauliza, "Hii ni nyama ya nani?" Kwa mwezi mzima jamaa yule alilipa sahani zake bei ya juu, na hakuthubutu kulalamika.

Egzosi ya Kagendo ilitoka vizuri. Ilitoka vizuri kupita kiasi. Aliliwasha gari uani kwa mama yake wakati wa kukama, na yule ng'ombe mkubwa, anayejaza ndoo bila kuombwa, akabana maziwa. Akabana asubuhi, akabana jioni. Kanana alisimama mlangoni na ndoo yenye povu la kikombe kimoja.

"Kirimi, hii sauti ni ya nini?"

"Ni ya mbio."

"Ng'ombe wangu hakimbii."

Basi nikatengeneza sailensa ya pili, ya kuwekwa na kutolewa. Bolti nne tu. Gari likiwa barabarani na nyumbani inakaa, likifika uwanjani unaitoa. Vijana, wateja wenu wana majirani, wana watoto wachanga, wana ng'ombe. Mtengenezeeni mtu gari ambalo ataruhusiwa kurudi nalo nyumbani.

Kwenye springi nilikosea, na kosa lenyewe ni la mtu wa Meru. Kagendo aliagiza shokabu zile za kisasa zenye nyuzi, unazikaza au kuzilegeza, unalipandisha gari au kulishusha. Mikono yangu, bila kuniuliza, ikakaza nyuma. Maisha yangu yote nyuma hukazwa. Tukatoka kulijaribu barabara ya Ruiri, na kwenye kona ya kwanza mkia ukarukaruka.

"Anko, nyuma inacheza ngoma ya mugithi!"

"Punguza mwendo."

"Nimepunguza! Umeweka nini huko nyuma?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba gari hili halitabeba gunia hata moja la miraa. Nilikuwa nimelitengeneza lingoje mzigo ambao hautakuja. Tukarudi, nikalegeza nyuma, nikachora mistari ya chaki kwenye ukingo wa kila tairi, tukaenda tena. Chaki inakuonyesha tairi linalala kiasi gani kwenye kona. Ikifutika mpaka ubavuni, gari linalala sana au upepo wa tairi ni kidogo. Isipofutika hata kidogo, ni gumu mno. Boksi la chaki kutoka kwa mwalimu jirani, bure. Katika hesabu yote hiyo ndicho kitu pekee nilichopata bure, na hata hivyo alitaka nimwangalizie redieta.

Kulishusha tulibishana siku nzima. Yeye alitaka lifagie lami. Mimi nilitaka lipite kwenye matuta. Akashinda, tukalishusha vidole viwili zaidi ya nilivyotaka. Vidole hivyo viwili mvikumbuke.

Kisha breki. Hapa sikuharakisha. Nilitoa mafuta ya breki ya zamani, yalikuwa rangi ya chai ya rangi, yana maji ndani yake bila shaka. Maji yakichemka ndani ya bomba la breki unakanyaga hewa. Nikaweka mafuta mapya yanayovumilia joto kubwa, nikatoa hewa kuanzia gurudumu la mbali kuja la karibu, Kagendo mwenyewe akikanyaga.

"Kanyaga. Shikilia. Usiachilie mpaka niseme."

"Mguu umechoka, Anko."

"Utachoka zaidi ukikosa kusimama."

Nikabadilisha diski za mbele na pedi zote. Pedi tuliagiza za mbio kabisa, zile zinazopenda moto. Alasiri moja yenye jua kali tukaenda mteremko, mimi kiti cha kushoto kama nilivyofundishwa, yeye akikanyaga na kuachilia, akikanyaga na kuachilia, mpaka pedi zikazoeana na diski na harufu ile ya breki mpya ikajaa gari. Zilishika! Mkanda ulinikamata kifua nikaona nyota. Nikashuka nikazunguka nikinusa magurudumu manne, yote yananuka sawa. Nikasema moyoni, Njeru, leo ungenipa chai.

Siku ya uwanja ikafika. Mnaijua Buuri asubuhi. Ukungu umekaa juu ya ngano kama blanketi, baridi inatoka mlimani inaingia moja kwa moja kwenye mifupa. Tulingoja ukungu uondoke. Tulingoja sana. Magari yamezimwa, watu wameshika vikombe. Kanana alikuwa amekuja na chupa mbili za chai na mkoba wa mikate, akasimama kwenye seng'enge pamoja na wazazi wengine. Alinisukumia kikombe, akasema, "Chukua."

Zamu ya Kagendo ilipoitwa, nikavaa helmeti ya kukodi iliyonuka kichwa cha mtu mwingine, nikajikunja na kuingia kiti cha kushoto. Bendera ikashuka. Jamani, lile gari liliondoka. Sailensa ya pili tulikuwa tumeitoa, na sauti ilinipitia mgongoni kama trekta linalofurahi. Koni za mwisho wa uwanja zikaja mbio. Kagendo akakanyaga breki pale pale tulipokubaliana.

Kanyagio lilikuwa gumu kama jiwe. Halikuzama, hewa haikuwamo, kila kitu kilikuwa mahali pake. Ila gari halikupungua.

"Anko!"

"Kanyaga! Usiachilie! Shika usukani wima!"

Tukapita koni. Tukapita mwisho wa lami. Tukaingia ngano. Masuke yalipiga kioo kama mvua ya mawe, na gari likaenda, likaenda, hatimaye likasimama lenyewe katikati ya shamba, kijani pande zote. Kimya. Suke moja lilikuwa limeingia dirishani na kulala juu ya goti langu.

Nilijua kosa kabla sijafungua mkanda. Pedi zinazopenda moto hazipendi baridi. Nilikuwa nimezijaribu kwenye jua la alasiri, nimezizoesha kwa moto, kisha nikazileta Buuri alfajiri ya ukungu, nikaziacha zigande kama sisi wengine, na kuziambia zishike mara ya kwanza. Zilikuwa zimelala. Mtu wa Nairobi angeweza kukaa miaka bila kukutana na kosa hili. Sisi wa mlimani tunaamka nalo.

Kanana ndiye aliyefika wa kwanza. Mwanamke wa miaka sitini na tatu, gumbuti miguuni, alipita katikati ya ngano akiwatangulia watu wa ambulensi. Akainama dirishani kwa binti yake, akamshika uso, akaugeuza huku na huku. Kisha akaniangalia mimi.

"Mko wazima?"

"Tuko," nikasema.

"Shukeni mnywe chai."

Kabla hatujanywa, msimamizi wa shamba akaja na kofia yake na daftari lake.

"Mzee, hapa kuna hasara ya gunia mbili."

"Gunia mbili? Limepita gari, si kundi la ndovu. Angalia, ni nyayo mbili za tairi. Katikati ngano imesimama."

"Imesimama wapi? Hebu onyesha."

Nikaenda kuonyesha. Katikati ilikuwa imelala kama imechanwa kwa kitana. Vile vidole viwili! Tumbo la gari lilikuwa limefagia kila kitu. Yule msimamizi akaniangalia kwa upole, kama mtu anayesubiri kulipwa. Tulianzia gunia mbili, nikamtajia kasuku tatu, yale makopo ya kupimia nafaka, tukaishia gunia moja na kasuku moja. Hiyo kasuku niliongeza kwa heshima, maana alikuwa amenishinda bila hata kupandisha sauti.

Gari likavutwa nje. Nikalala chini yake, nikaangalia kila bomba, kila bolti, nikatoa masuke kwenye kalipa za breki. Halikuwa limeumia. Waandaaji wakasema Kagendo yuko na nafasi nyingine akitaka. Nikamweleza Kagendo: mzunguko wa kwanza polepole, ukikanyaga kidogo kidogo, uziamshe. Mpaka nisikie harufu, usikimbie.

Akamwangalia mama yake. Binti wa miaka ishirini na tisa, mwenye mkopo wake na ofisi yake, akasimama pale akingoja kama anaomba ruhusa ya kwenda sinema.

Kanana hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi. Nilikuwa nimeshaiokota helmeti na aliiona, amenijua tangu sijui kutembea.

"Na wewe," akasema, "unarudi humo ndani?"

"Narudi."

Akafunga kifuniko cha chupa ya chai. Akakifunga tena ingawa kilikuwa kimefungwa.

"Basi aende."

Miaka yote ile nilidhani Njeru alitukalisha kiti cha kushoto ili fundi asisahau bolti. Na ni kweli. Lakini siku hiyo nilikumbuka kitu kingine, kwamba madereva wa malori wa Embu walikuwa na wake zao, na wakati mwingine wanawake hao walisimama nje ya gereji na watoto mgongoni, wakiangalia lori linapoondoka kwenda mtoni. Nilidhani wanamwangalia dereva; kumbe walikuwa wanaangalia kiti cha kushoto.

Tulienda. Mzunguko wa kwanza kama mazishi, mimi pua dirishani. Harufu ikaja. Nikamgonga bega. Akakimbia, koni zikaja, akakanyaga, na gari likakaa chini kama ng'ombe anayekubali kukamwa. Koni ya mwisho ilibaki imesimama mbele ya bampa. Kagendo alipiga kelele ambayo egzosi haikuifunika. Wa ngapi? Wa saba kati ya magari kumi na mawili. Nilihesabu mara mbili.

Sasa jambo langu.

Kagendo anataka kwenda mbio zaidi. Anataka breki kubwa zaidi za mbele, na anataka nizifunge mimi, si mtu mwingine. Mikono bado inaweza. Lakini daktari amenipima presha na kunikataza kiti hicho. Amesema moyo wangu haufai hata kwa bodaboda. Kagendo anasema, "Anko, wewe funga tu. Kukaa ni mazoea ya zamani. Nitakwenda peke yangu."  Lakini wiki iliyopita nilipokuwa nakunywa chai kwa Kanana, aliuliza, akiwa amenipa mgongo, nani atakaa kushoto.

Nikamaliza chai, nikaja kuwaandikia nyinyi. Je, nifunge breki ambazo siwezi kuzikalia? Au nimwambie mpwa wangu atafute fundi mwingine, ambaye labda hajui hata pedi zinalala baridi? Nishaurini, nyinyi mlio na magoti. Nitasikiliza kila mtu. Lakini yeyote atakayeniambia nifunge tu na nikae nyumbani, aje kwanza na helmeti yake, tuone kama anatosha kwenye kile kiti.